MB Kumi na Moja na Nusu za Baba Mkwe

Inatangazwa kwa wakazi wa Nyamagana, Ilemela na Magu, kwa wavuvi walioko majini na kwa wote walio safarini, kwamba wimbo mmoja wa dakika sita, ulioimbwa na mzee mmoja na kurekodiwa na mkwewe, umefikisha MB sabini na nne. Hakuna aliyejeruhiwa. Familia inaomba utulivu.

Barua iliyoniletea habari hizi imeandikwa karatasi nne, mbele na nyuma. Nimeondoa salamu za watu nisiowafahamu. Mengine nimeyaacha kama yalivyo, pamoja na nukta zake, ambazo ni chache.

*

Mpendwa mshauri Mama Eugenia, shikamoo, naomba msaada wako kabla mwezi wa sita haujafika kwa sababu ukifika nitakuwa nimechelewa, mimi naitwa Mihayo, nina miaka thelathini na moja, nina kibanda Buzuruga karibu na stendi ambapo narusha nyimbo kwenye simu na memori kadi za watu, na majina yetu unaweza kuyataja gazetini maana huku Kisesa habari hii hata mbuzi wanaijua, nikisema huku namaanisha kwa wakwe zangu, nimemwoa Kija, binti wa mzee Nkwabi, ambaye ni manju, yaani ndiye mtunzi na mwimbishaji wa kikundi cha ngoma, na kama umekulia kanda hii unajua kwamba baada ya mavuno ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hakuna jaji wala karatasi ya maksi, anayezungukwa na watu wengi ndiye ameshinda, na watu huzunguka pale ambapo wimbo wanaujua na wanaweza kuuitikia.

Sasa mwezi wa pili baba mkwe alitangaza kwamba mwaka huu ndio wa mwisho kwake kusimama uwanjani, ana miaka sabini na tatu na magoti yanamsumbua, akatunga wimbo wa kuaga, akasema nimrekodi ili watu waujifunze mapema, nikafurahi sana kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu nimwoe Kija kuombwa jambo ambalo si kubeba kitu, nikaenda na kinasa sauti changu, mzee akaimba dakika sita bila kukosea, ngoma zikapigwa, wachezaji na njuga zao miguuni, akina mama wakaitikia, na Kija ndiye aliyewaongoza, ila hapa naomba usinihukumu, kadi ya kinasa sauti ilikuwa imejaa nyimbo zangu mwenyewe ambazo sikutaka kuzifuta, ikabidi niweke kiwango cha kubana cha 64, maana namba ikishuka faili linapungua, ili wimbo wa mzee utoshe, ukatosha, ukawa MB mbili na nukta tisa, na ulisikika vizuri tu, nikaenda nao Buzuruga nikaanza kuurusha kwenye simu za watu, na wiki ile ya kwanza nilisikia hata mama muuza mahindi akiuimba.

Tatizo lilianzia kwa Elias, huyu ni binamu yake Kija, mtu mzima ana watoto wawili, ndiye mwenye simu kubwa pale nyumbani na ndiye husoma mambo kwa niaba ya ukoo, siku moja akatoka sokoni akasema mbele ya wazee kwamba wimbo wa Luhende, ambaye ndiye manju wa upande wa pili na ambaye baba mkwe hajamsalimia tangu mwaka elfu mbili na tisa, una MB kumi na nne na nukta nne, na wa kwetu una mbili na nukta tisa, na wote ni wa dakika sita, basi nikaitwa, nikakalishwa kwenye kigoda, wazee watano wamenizunguka, baba mkwe akaniuliza kwa upole kabisa, "Mihayo, mimi niliimba kwa mapafu yangu yote. MB zangu kumi na moja na nusu umezipeleka wapi?"

Mama Eugenia, mimi najua kwamba MB hazitoki kwenye mapafu, lakini wewe unajua mkwe kwa Wasukuma anakaaje mbele ya baba wa mke wake, anaangalia chini, hamwambii mzee kwamba hajui, hata kumtazama usoni ni kazi, na baba yake mdogo Kija alikuwa tayari amesema kwa sauti ya kusikika, "Huyu amezirusha kwa Luhende. Stendi yote ile, atakosaje kumjua mtu wa Luhende," basi mdomo wangu ukajibu wenyewe, nikasema, "Nitazitafuta, baba."

Nikarudi kibandani, nikauingiza ule wimbo kwenye programu ya kubadilisha nyimbo, nikauchagulia 320, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa, na stirio badala ya mono, ukatoka na MB kumi na nne na nukta nne, sawasawa na wa Luhende, sauti sikuona imebadilika lakini nikasema labda masikio yangu ndiyo madogo, nikaupeleka, Elias akasoma namba, baba mkwe akauliza, "Zimerudi?" nikasema zimerudi, akauliza, "Zilikuwa wapi?" nikasema zilikuwa kwenye kompyuta, baba, na yule baba mdogo akawaangalia wenzake akasema, "Si nilisema."

Baada ya siku tatu Luhende akatangaza kwamba wake umefika MB sitini na tatu, maana mtu wake wa kompyuta ameacha kuubana kabisa, nami nikaugeuza wetu ukawa hivyo hivyo, faili lile kubwa lisilobanwa, tukawa sare, lakini baba mkwe akasema sare ni kushindwa kwa mtu anayestaafu, kwa hiyo nikaongeza dakika moja ya kimya mwishoni, ukawa MB sabini na nne, Elias akaisoma namba ile mara mbili, wazee wakapiga makofi, nikapewa mguu wa mbuzi, na kwa kweli mama nilijisikia mtu.

Sasa tangu siku hiyo wimbo hauendi, watu wanakuja kibandani wanasema kadi itajaa, wengine simu zao hazilifungui faili la namna hiyo, kuurusha mmoja kunachukua muda mpaka basi la mtu linaondoka, na yale matoleo madogo niliyafuta yote kwenye kompyuta, hata kwenye kinasa sauti, ili Elias asije akayakuta akasema nimeiba tena, na kumbe Luhende ile ya sitini na tatu ni ya kutangaza tu, inayorushwa kwa watu ni ndogo, makondakta wanayo, bodaboda wanayo, juzi Jumapili tulifanya mazoezi, baba mkwe akaanzisha wimbo wake, wakaitikia watu kumi na mmoja pamoja na akina mama waliokuwa wanapika, na ng'ambo ya barabara kikosi cha Luhende walikuwa wanaitikiwa mpaka na watu waliokuja kununua mkaa, baba mkwe hakugomba, alikaa chini akavua njuga zake akasema, "Labda sauti imekwisha, tuwape wenyewe uwanja," na Kija, ambaye yuko kwao msimu huu wote wa mazoezi, akaniambia, "Mihayo, wewe unamtengenezea baba namba, mimi natafuta watu wa kuitikia. Baba akivunja kikundi kabla ya mwezi wa sita, mimi Buzuruga sirudi."

Kwa hiyo mama naomba unisaidie, je niurudishe kwenye 128 au 192 ili ubora urudi, au kuna programu nzuri zaidi ya kurudisha ubora, na je nikitoa toleo dogo kwa siri Elias akalikuta nitasema nini, na je nimwambie baba mkwe ukweli nionekane mwongo, au ninyamaze nionekane mwizi, na la mwisho, nimesikia Luhende anakuja na MB mia moja, je niongeze kimya kiwe dakika nne? Namba ya Kija nimeiandika chini, tafadhali mbembeleze, wewe ni mwanamke mwenzake.

Mihayo, Buzuruga

*

Marahaba, Mihayo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta tatizo. Mara ya pili nilikuwa natafuta mahali ambapo mtu yeyote kule Kisesa alibonyeza kitufe akausikiliza huo wimbo. Sijapaona, na tutalirudia hilo.

Wasomaji wangu wa siku zote watashangaa kwa nini nakujibu mambo ya mafaili, wakati hapa kwa kawaida tunazungumzia waume. Kwanza, hili nalo ni la waume. Pili, kabla sijapewa ukurasa huu nilikaa Mirongo miaka kumi na mmoja nikirudufu kaseti, kwenye chumba chenye mlango mmoja na redio nne. Sikusomea popote. Nilisikiliza tu, kutwa. Kopi ya kaseti ilikuwa na mvumo kidogo. Kopi ya kopi, mwimbaji alikuwa kama yuko chumba cha pili. Kopi ya kopi ya kopi, mwimbaji alikuwa ndani ya sufuria na kifuniko juu. Nimehudumia wanakwaya, walevi na mwalimu mmoja wa Butimba aliyetaka hotuba ya harusi yake iondolewe maneno ya mkwewe. Hakuna hata mmoja, hata mlevi, aliyewahi kuniletea kopi ya tatu akaniambia niirudufu kwenye kaseti ndefu zaidi ili mwimbaji atoke kwenye sufuria. Wewe ni wa kwanza, na una kompyuta.

Sikiliza, na msomee na Elias.

MB si sauti. MB ni ukubwa wa gunia. Ulipomrekodi mzee kwa 64, mashine ilichagua: ikabakiza inachoona kinafaa, kingine ikakitupa palepale, kwenye vumbi la Kisesa, na hakikutunzwa popote. Si kwako, si kwa Luhende, si kwenye kompyuta. Uliponyanyua wimbo uleule ukauweka kwenye 320, hukurudisha kilichotupwa. Ulichukua debe la dagaa ukalimimina kwenye gunia, na gunia ukalijaza mchanga. Umezaliwa ziwani, Mihayo. Dagaa wa mchanga unawajua. Mama yako akiuziwa hao anarudi sokoni na maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Wewe umewauzia ukoo mzima wa mkeo, ukapewa mguu wa mbuzi.

Na hiyo stirio. Kinasa sauti chako kilirekodi mono. Ukaigeuza stirio, kwa hiyo sasa spika ya kushoto inasema jambo, na ya kulia inasema jambo lilelile, kwa wakati uleule. Hiyo inaitwa kusema mara mbili. Barua yako nayo ina tabia hiyo.

Ila kilichonifanya niweke miwani chini ni ile dakika ya kimya. Nimeipigia hesabu. Kwenye faili lisilobanwa, dakika moja ya kimya ina MB kumi na nusu na kidogo. Wimbo wa mzee Nkwabi, aliouimba kwa mapafu yake yote akiwa na miaka sabini na tatu, ulikuwa na mbili na nukta tisa. Kimya chako peke yake kina uzito zaidi ya mara tatu ya mzee wa watu. Halafu unaniuliza ukifanye dakika nne. Ukiendelea hivi, mwezi wa sita mtaingia uwanjani na kimya cha saa nzima, mshinde kwa kilo.

Tuje kwenye neno lako, "Nitazitafuta." Naelewa kigoda. Naelewa kuangalia chini. Mimi nimeolewa na Mhaya, na kwetu pia mkwe hapayuki. Lakini adabu inakutaka ushushe macho. Haikutaki ukiri wizi wa kitu ambacho hakikuwepo. Ungeweza kusema, "Baba, naomba mzee mwingine anisemee." Ungeweza kukohoa. Badala yake ukaahidi kuzitafuta, ukazipata, na ulipoulizwa zilikuwa wapi, ukataja mahali. Mtu akikusingizia kuku, ukaenda ukarudi na kuku mkononi, usilalamike kwamba hawakuamini.

Na sababu ya kuanza na 64 ni nini? Kadi ilijaa nyimbo zako mwenyewe. Mzee anaimba wimbo wake wa mwisho, na wewe ulishindwa kufuta zile ambazo kila siku ziko kibandani kwako, unazoweza kujirushia tena kabla chai haijapoa. Hapo ndipo MB zilipopotea, Mihayo. Yule baba mdogo hakukosea sana. Mwizi ni kadi yako, na kadi ni yako.

Sasa nitakupa haki yako, ni ndogo. Ile ya kwanza, ya MB mbili na nukta tisa, ilikuwa inafaa. Umesema mwenyewe ilisikika vizuri. Sauti ya mtu na ngoma, kwa kipaza sauti kimoja, 64 ya mono inabeba bila aibu. Mama muuza mahindi aliuimba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Ilikuwa imekwisha, ukaifuta ili kumridhisha mtu anayesoma namba.

Luhende simpendi, kwa sababu umenisimulia habari zake wewe, lakini ana akili. Ana faili la kupigia kelele na faili la kurusha. Wewe ulishindana na bango lake.

Hadi hapa nilikuwa nacheka. Niliacha kucheka pale mzee alipovua njuga. Mtu ametunga wimbo wa kuaga. Anaanzisha, na wanaomwitikia ni wapishi. Anakaa chini na kusema labda sauti imekwisha. Sauti yake haijaisha, iko kibandani kwako Buzuruga, imefungwa kwenye gunia la mchanga ambalo hakuna simu inayoweza kulibeba. Na wewe uliyemfanyia hivyo umekaa kwenye kigoda, unaangalia chini, unaita hiyo heshima. Kija hana kosa. Simbembelezi mtu ambaye ndiye pekee mwenye akili ndani ya barua nzima.

Haya, simama. Mwezi wa sita bado.

Nenda Kisesa Jumamosi hii, na kabla ya kwenda futa nyimbo zako zote kwenye kadi ya kinasa sauti. Zote, hata ile unayoipenda. Mrekodi mzee upya bila kubana chochote, kwa sababu kutoka kikubwa unaweza kupata kidogo wakati wowote, na kutoka kidogo hupati kikubwa, hata ununue programu gani. Programu ya kurudisha ubora haipo. Anayekuuzia anakuona ulivyo. Rekodi mono, una kipaza sauti kimoja, usijifanye una viwili. Faili hilo kubwa liweke sehemu mbili, flashi moja kwa Kija na nakala nyingine kwenye kompyuta, na usilirushe kwa mtu. Hilo ni mbegu, halipikwi.

Kisha kutoka kwenye hilo toa za kugawa. Toa ya 128, ya 96, ya 64, ya 48, ya 32. Kila moja itoe kwenye lile kubwa, usitoe ndogo kutoka ndogo nyingine, ile ni sufuria na kifuniko. Usizisome. Zisikilize. Na usizisikilizie kwenye spika zako kubwa za kibandani, ambazo hata mlio wa jenereta huufanya upendeze. Chukua simu mbovu kuliko zote stendi, na subufa ya basi mojawapo, kwa sababu huko ndiko wimbo utakakoishi. Sikiliza njuga. Ngoma na sauti ya mzee huvumilia kubanwa, ila njuga ndizo huharibika kwanza. Ukishuka sana, njuga huacha kulia kama njuga, zinalia kama sato anayekaangwa. Ukisikia mafuta, umepita kiasi. Panda ngazi moja, simama hapo, funga kompyuta. Nadhani utaishia kwenye 64 au 96, yaani kama MB tatu au nne. Kwenye kadi ya GB mbili lile zigo lako la sabini na nne linaingia mara ishirini na saba, halafu mwenye kadi hana pa kuweka hata picha ya mtoto. La MB tatu linaingia zaidi ya mara mia sita, na yeye hata hagundui lilipo.

Kimya kata chote. Mzee akimaliza kuimba, wimbo uishe.

Kuhusu kusema ukweli. Huendi wewe kwa mdomo wako, utaishia kuahidi kutafuta kitu kingine. Mtume yule baba mdogo aliyekusingizia, kwa sababu akishaelewa atafurahi sana kukusema vibaya, na mzee atamwamini. Kwanza mfundishe mwenyewe kwa debe la dagaa na gunia, usitumie neno lolote la kompyuta. Aseme hivi: mkwe wetu hakuiba, ni mjinga, aliongeza mchanga. Utaumia. Lakini ujinga husamehewa kabla ya chakula cha mchana, wizi unakaa mpaka wajukuu.

Baada ya hapo usimpe mzee namba nyingine ya MB mpaka afe. Akitaka kuhesabu, ahesabu watu. Kila Jumapili Elias, kwa kuwa anapenda kusoma, asome ni simu ngapi wiki hiyo zimeupokea wimbo. Muda si mrefu atatoka sokoni kusema Luhende ana mia mbili na sisi tuna mia tatu, na kwa mara ya kwanza namba hiyo itakuwa na maana, maana mwezi wa sita namba hiyo itakuja uwanjani kwa miguu yake na kufungua mdomo.

Na ngazi ya mwisho, kati ya 64 na 96, usichague wewe. Mpelekee mzee zote mbili, hata 48 na 32, bila kumwambia ipi ni ipi. Mtu aliyeongoza ngoma tangu kabla hujazaliwa anajua njuga zinavyolia kuliko programu yako. Ipi inalia sawa, atakwambia yeye, na hapo itakuwa amechagua mwenyewe, na Elias hatakuwa na la kusoma.

Hilo ndilo lililonifanya nipige ile namba uliyoniachia. Nilitaka kujua ni simu gani mzee huitumia kujisikiliza, ili upime kwenye hiyo. Kija alipokea, sauti ya jikoni nyuma yake.

"Shikamoo mama. Kama ni habari za Mihayo, mimi nimeshasema."

"Marahaba. Nimekuelewa, sikubembelezi. Nina swali moja. Baba yako huusikilizia wapi wimbo wake?"

"Baba?"

"Baba yako."

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

"Hajawahi kuusikia, mama. Mihayo aliondoka na kinasa sauti siku ileile, na wengine wakija wanamsomea namba."

"Na simu yake mwenyewe je?"

"Simu yake ni ile ndogo ya tochi," alisema Kija. "Haina sehemu ya kuweka kadi."